Padiri, hii mazoezi ya Wachina ya kupumua ni dhambi?

SWALI: Tumsifu Yezu Kristu, Padiri. Miye ni mama wa miaka 56, naishi hapa Bukavu, komini ya Ibanda. Tangu vita ifike mu mji mwezi wa pili 2025 silali vizuri, moyo unapiga, tansio inapanda. Munganga alinipa dawa akasema pia nitembeze mwili. Jirani mmoja aliyesoma China akaanza kutufundisha ba mama kama kumi, asubuhi mu parseli yake, qigong na taiji, tunapeleka mikono pole pole na kupumua. Nikaanza kulala. Sasa dada mmoja wa kikundi cha sala ameniambia ile ni mlango wa mashetani, eti nisipokee komunyo mpaka niombewe. Nimeacha wiki tatu, na usingizi umekimbia tena. Niungame?

JIBU: Milele na milele, amina. Pole sana mama yangu. Nianze na ile inakuumiza zaidi: komunyo, pokea. Jumapili hii hii. Kutembeza mikono asubuhi na kupumua ili upate usingizi haiko dhambi, hauna cha kuungama hapo, na hakuna mtu wa kikundi cha sala mwenye ruhusa ya kumufungia mkristu mwenzake meza ya Bwana.

Kusoma barua yako nimemukumbuka Elia. Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Yule nabii alikimbia Yezabeli, akafika jangwani, akaketi chini ya muti akamwambia Mungu sasa inatosha, nichukue nife. Mungu alimufanya nini? Hakumuhubiria. Alimuacha alale, malaika akamugusa, akakuta mukate juu ya mawe ya moto na chupa ya maji, akakula, akalala TENA, malaika akarudi mara ya pili. Kisha njo akapata nguvu ya kutembea siku 40 mpaka Horebu na kusikia sauti ya Mungu. Usingizi na mukate vilikuja mbele ya maneno. Na batu wetu hapa, tangu ile usiku ya mwezi wa pili, wengi wako chini ya ule muti wa Elia, wanakuja kuniambia Padiri siwezi tena kusali, na miye nawauliza kwanza, unalala? umekula? Siyo juu sala haina maana, ila juu Mungu mwenyewe njo alianzia hapo.

Sasa tuongee ile mazoezi yenyewe, juu najua unaogopa pale inatoka. Kama jirani yako anawafundisha ile ya kuinua mikono miwili juu kama mtu anayebeba mbingu, alafu ya kuvuta upinde kama mwindaji wa ndege, na mwisho kupanda ku vidole vya miguu na kuangusha visigino mara saba, basi ile inaitwa Baduanjin, vipande nane vya hariri, ni ya zamani, Wachina wanaifanya tangu miaka mia nyingi. Taiji yenyewe ilikuwa mchezo wa kupigana, inajulikana ilitoka kijiji cha familia ya Chen, jimbo la Henan, karne ya 17, na ile fupi ya hatua 24 ambayo batu wengi wanafundishwa leo ilipangwa na ofisi ya michezo ya serikali ya China mwaka 1956. Hata neno qigong kuitwa hivi kama dawa ya mwili lilienea sana mu miaka ya 1950, wakati mtu mmoja anaitwa Liu Guizhen alipona tumbo kwa kupumua vile na kuipeleka mu hospitali, na serikali ile ya wakomunisti, ambayo haitaki kusikia habari ya miungu, ikaondoa mambo ya ibada ikabakiza mazoezi. Kwa hiyo mama, ile unafanya mu parseli iko karibu zaidi na jimnastiki ya hospitali kuliko na hekalu.

Lakini sitakuficha, iko na mzizi mwingine pia. Qi maana yake ni pumzi, hewa, na walimu wa Dao, dini ya zamani ya Wachina, wanasema ni nguvu moja inayojaza ulimwengu wote, inapita mu njia za mwili, na jina taiji linatoka mu fundisho lao la yin na yang, nguvu mbili zinazopingana na kukamilishana. Hapo sisi tunasimama. Pumzi yetu tunajua nani aliipuliza, Mwanzo 2:7 inasema Mungu alimpulizia mtu puani pumzi ya uzima. Ulimwengu haiko Mungu, na Roho Mtakatifu haiko nguvu ya kuvutwa kwa pua na kupelekwa chini ya kitovu, Roho ni Nafsi, anapenda, anaita, anavuma anapotaka. Mwalimu akisema pumua polepole ushushe mabega, msikilize. Akisema sasa unaungana na ulimwengu na wewe mwenyewe ni mungu, kunja kitenge chako urudi nyumbani.

Kuhusu "inatoka kwa wapagani" nina neno, na linanikaa rohoni. Babu zetu waliambiwa hivyo hivyo juu ya ngoma. Kuna misheni nyingi ngoma ilikuwa haiwezi kuvuka mlango wa kanisa, na leo tunacheza mbele ya altare mu misa ya Zaire, misa ya namna yetu ya Kongo, ile Roma iliikubali mwaka 1988, na ndani yake tunawaita wahenga wetu wenye moyo safi. Na Wachina wenyewe, tangu wakati wa Padiri Matteo Ricci, yule mjezuiti aliyefia Pekini mwaka 1610, mapadiri waligombana kama mkristu anaweza kuinama mbele ya majina ya babu zake. Roma ikakataza kabisa mwaka 1742, kisha mwaka 1939 ikaruhusu, juu ilionekana ni heshima siyo ibada. Karibu miaka 200! Wangapi walikaa nje ya kanisa mu ile miaka, Mungu anajua. Njo maana miye siwezi kuharakisha kusema "shetani" juu ya kitu sijakiangalia.

Kanisa limeongea hii mambo wazi. Tarehe 15 mwezi wa kumi 1989, sikukuu ya Mt. Teresia wa Avila, Kardinali Ratzinger (alikuja kuwa Papa Benedikto) alitoa barua kwa maaskofu juu ya sala ya kikristu na njia za kutafakari za Asia. Inasema zisitupwe tu kwa sababu haziko za wakristu, mtu achukue kilicho chema. Alafu inaonya, na hii mama ishike sana: mazoezi ya mwili yanaweza kuleta utulivu, raha, hata joto na mwanga fulani, na kudhani ile ndiyo faraja ya Roho Mtakatifu ni kujidanganya. Utulivu wa mishipa ni utulivu wa mishipa. Ni mzuri, mshukuru Mungu kwa huo kama unavyomshukuru kwa bugali na sambaza. Amani ya Yezu (Yohane 14:27) ni kingine, ile inakuja hata usiku ambao tansio iko juu na risasi zinalia, na inakuomba usamehe, jambo ambalo mazoezi haitakuomba hata siku moja.

Mahali ninaogopa kweli siyo ile mikono. Mu China yenyewe miaka ya 1980 na 1990 walitokea mabwana wakubwa wa qigong, wanajaza viwanja, wanaahidi kuponya kila ugonjwa kwa nguvu ya viganja, na kuna wagonjwa waliacha dawa. Unajifunza kitu hapo? Hata hapa tuko nao, tena wanashika Biblia! Kwa hiyo kama siku moja yule jirani anaomba pesa ili akuponye kwa mkono, ama awashe ubani mbele ya picha ya bwana fulani muiname, ama akuambie dawa ya tansio haina kazi tena, toka. Dawa usiache hata siku moja bila munganga. Mazoezi yenyewe inasaidia, waganga wamepima, mwaka 2012 jarida kubwa la waganga la Marekani lilionyesha wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, waliofanya taiji mara 2 kwa wiki kwa miezi kama 6 walisimama imara zaidi na kuanguka kidogo kuliko wale wa kunyoosha viungo tu. Inasaidia, haiponyeshi kila kitu.

Na kama moyo wako bado unasita, fanya hivi. Kabla hamjaanza piga ishara ya msalaba, hakuna atakayekukataza. Mkimaliza, kaa kidogo, sali Baba Yetu neno moja kwa kila pumzi, Baba... yetu... uliye... Hii sikuitunga, Mt. Inyasi wa Loyola aliifundisha mu Mazoezi yake ya Kiroho karibu miaka 500 iliyopita. Utaona pumzi ile ile uliyofundishwa kuituliza inabeba sala bila kusukumwa.

Yule dada wa kikundi usimkasirikie, anakupenda, na naye pengine halali. Muulize tu usiku wake unakuwa namna gani. Kama anakubali, muje wote wawili Alhamisi kisha misa ya saa kumi na mbili, nitakuwa mu ofisi, tutaongea na tutasali pamoja.