Kushusha nyimbo bila kulipa: ni wizi au la?

Mdogo wangu, umeuliza kama kushusha nyimbo bila kulipa ni wizi, ilhali mwenye wimbo bado anao. Hoja yako si ya kitoto. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye kesi ya Dowling, muuza santuri haramu za Elvis Presley, ilikataa kuziita mali ya wizi kwa sababu tu zilivunja hakimiliki. Ila usishangilie: kuvunja hakimiliki kulibaki kosa, na hapa Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999.

Mimi nilikuwa mteja wa kibanda cha kujaza nyimbo. Unampa jamaa flashi na buku, unaenda kunywa chai, ukirudi imejaa. Buku linaishia kwa mwenye kompyuta. Aliyelipia studio haambulii kitu. Uite wizi au uite jina lingine, yeye kakosa hela.

Kabla ya kushusha, angalia kwanza Audiomack au YouTube. Wasanii wengi huweka nyimbo zao wenyewe huko, unasikiliza bure, na matangazo huweza kuwaingizia chochote.