Anarudi mlangoni mara sita, je, hanipendi?

*Shikamoo Shangazi. Nimeolewa miaka sita. Kila usiku mume wangu anaamka kukagua mtungi wa gesi na kitasa cha mlango, mara tano, mara sita. Ananawa mikono mpaka inachanika. Juzi tuliangalia filamu ya As Good as It Gets. Yule baba yuko hivyohivyo, ila alipompata mwanamke akabadilika. Wangu habadiliki. Ina maana hanipendi? Hata dada zangu walioko Tanga wamemuona anavyozunguka, wamecheka mpaka machozi. – Mke aliyechoka, Mwanza*

Marahaba mwanangu. Pole, usiku wa kukatizwa usingizi unachosha.

Sasa niambie: dada zako wako Tanga, wewe uko Mwanza, walimuonaje? Ulimrekodi. Mumeo na kikoi chake, saa nane usiku, kashika koki ya gesi, ukamrusha kwenye kundi la familia. Hukuliandika, lakini barua yako imelisema. Halafu unaniuliza kama yeye anakupenda! Siri ya mtungi aijuaye kata, na wewe kata umekwenda kuimwaga Tanga. Ndoa za siku hizi zinakufa hivi: chumbani hamzungumzi, kwenye simu mnaonyeshana.

Filamu hiyo ya mwaka 1997 naijua. Melvin, aliyeigizwa na Jack Nicholson, anafunga mlango kwa kuhesabu, ananawa kwa sabuni mpya kisha anaitupa, njiani hakanyagi ufa, mgahawani anakwenda na vijiko vyake vya plastiki. Wewe umeona mapenzi yamemponya. Irudie pale anapomsifu Carol, yule mwanamke aliyempata: sifa yenyewe ni kwamba kwa ajili yake ameanza kumeza dawa, na dawa anazichukia. Carol hakuwa tiba. Alikuwa sababu ya mtu kukubali tiba. Na ule mdomo mchafu wa Melvin haukuwa ugonjwa, ilikuwa tabia, na kwa hilo Carol alimkemea bila kumwonea haya. Barua yako yote sijaona tusi hata moja la mumeo. Ana maradhi ya Melvin bila ulimi wake.

Madaktari wanayaita OCD, maradhi ya hofu inayomsukuma mtu kurudia jambo lilelile. Pwani tuna neno la zamani, wasiwasi. Nilipokuwa mdogo jirani yetu alirudia udhu mpaka imamu anatoa salamu, yeye bado yuko kwenye birika. Watu walimcheka. Hakuna aliyemuuliza anaogopa nini. Mumeo anajua koki imefungwa, ila hofu inamwambia angalia tena. Akiangalia anatulia kidogo, kisha inarudi na nguvu zaidi. Na anayekagua gesi usiku kucha, unadhani anaogopa nani aungue?

Futa hiyo video, dada zako nao wafute, kisha mwombe radhi mumeo kwa kinywa chako. Mwende pamoja kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa. Huko watamfundisha kukaa na hofu bila kurudi mlangoni, hatua kwa hatua, na daktari akiona inafaa atampa dawa. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, usimkatishe. Nyumbani usimkaripie, ila pia usiamke kukagua kwa niaba yake. Akikuuliza mara ya tatu kama mlango umefungwa, mwambie, "Baba, hiyo ni hofu inauliza," umshike mkono.

Na umnunulie mafuta ya mgando. Mikono iliyochanika inawaka kwenye sabuni.