Maswali yenu: mboga, konde na sie vijana

Assalaam alaykum jamani, maswali yamekuja mengi, nimechagua haya mana yote yanagongana pamoja: chakula kizuri kipo hapahapa visiwani Zanzibar, kukifikia ndo kazi.

We unasoma lishe, mbona kila siku unatuzungumzia jembe? (Kijana, Chake Chake)

Kwa sababu darasani nnafundishwa mtu ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, ndo kiwango cha Shirika la Afya Duniani, alafu nikitoka nnapita soko la Darajani nnamuona mama ananunua tungule (nyanya) mbili tu za kuungia mchuzi. Huyo ukimwambia "kula mboga zaidi" umemsaidia nini? Anajua, hana pesa. Karoti, mbatata na kabichi nyingi tunazokula zimevuka bahari kutoka bara, na kila aliezishika njiani, mwenye boti, hamali, dalali, muuzaji, ameongeza chake, na mchele wa mapembe huo nao unatoka nje kabisa. Kwaio mtu wa lishe asojua konde linavyokwenda atabaki kutoa nasaha tu, na mie sitaki kuwa hivo.

Kaskazi hii mboga ghali, nna watoto wanne na kiuwanja kidogo nyuma ya nyumba. (Mama, Mwanakwerekwe)

Bi mkubwa, anza na mtoriro, yaani majani ya viazi vitamu, wallahi hakuna mboga rahisi kama ile. Omba vikonyo kwa jirani, jaza mapolo ya zamani udongo na samadi ilooza, chomeka, mwagia maji ulooshea mchele, ukichuma unachipua tena. Mchicha pia, wiki tatu nne unaanza kuchuma. Watoto wanapata vitamini A kwenye hayo majani, na ukiyapika kwa tui kidogo ndo vizuri zaidi mana vitamini A inahitaji mafuta ili mwili uichukue, yaani mapishi ya bibi zetu yalikuwa sawa tangu zamani. Usichemshe sana ukamwaga maji, unamwaga na faida yake. Ila kisamvu hicho twanga na uchemshe barabara, kina sumu kikiwa kibichi.

Mronge (mlonge) unatibu kila kitu? (Msomaji, Fuoni)

Hapana. Majani yake ni mboga nzuri sana, kula, lakini dawa za sukari na presha usiache.

Nna miaka 22 nataka kulima sina ardhi. Babu alipewa eka tatu lakini wajukuu tupo wengi. (Kijana, Wete)

Hili linaniuma khasa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa ya serikali na familia nyingi zikapewa eka tatu tatu, sasa watoto wamezaa, wajukuu wamezaa, na eka ni zilezile, nyengine zishajengwa nyumba. Kijana akiambiwa tu "nenda kalime" bila kuulizwa atalima wapi, hajatendewa haki.

Lakini ndugu yangu ipo njia ya wazee wetu, kuazima. Ukipita chini ya minazi na mikarafuu ya watu utaona pahala pengi pamekaa magugu tu. Mwenye shamba anachoogopa ni wewe upande miti, mana ukipanda mti kesho utasema na wewe una haki hapo, kwaio mwambie waziwazi kuwa unataka vipando vya muda mfupi tu, kunde, choroko, mtoriro, muhogo, na mwandikiane mbele ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, hata karatasi moja ili akifa mzee wanawe wasije wakakufukuza mavuno yako yamesimama. Chini ya mikarafuu ilofunga kivuli usitegemee kitu, tafuta penye jua. Na kama uko Micheweni au Makunduchi kwenye uwanda, ile ardhi ya mawe, usiudharau, kwenye vishimo vya udongo baina ya mawe watu wanalima kunde, mtama na pilipili tangu enzi na enzi, ila subiri mvua mana visima vya pwani ukivichota maji sana vinaingia chumvi.

Tunalima tungule na matango, hoteli wanatukatalia wanachukua za bara. (Vijana, Kiwengwa)

Hoteli inataka mzigo uleule kila wiki, nyie mkipanda wote siku moja mtavuna wote siku moja, wiki ile mna tenga ishirini, wiki ya pili hamna hata moja. Gawaneni, huyu apande leo, yule baada ya wiki mbili, mwengine tena baada ya hapo. Na wekeni akiba ya kikundi, mana malipo ya hoteli yanachelewa na mbegu hazisubiri. Nnawaomba kitu kimoja tu, sehemu ya mzigo iuzwe hapohapo kijijini kwa bei ya mwanakijiji. Samaki wazuri washaanza kuwashinda bei wenyeji wa pwani, mboga nazo zisifuate njia hiyo.

Nipo dahalia (bweni la skuli), nnapata kizunguzungu, nimepimwa damu ndogo. Nile nini na pesa sina? (Mwanafunzi wa kike)

Mdogo wangu, kwanza rudi kituo cha afya uulizie vipimo vya minyoo na kichocho, bado vipo huku kwetu na vinamaliza damu, na vidonge vya madini ya chuma ukipewa umeze vyote hata ukijiskia vizuri. Chakula: dagaa, kunde, choroko na mchicha, kamulia ndimu juu, au ule chungwa au embe wakati huohuo, inasaidia chuma kuingia mwilini. Na chai ya rangi usinywe pamoja na chakula, inazuia chuma, isubirishe kama saa nzima. Najua dahalia chai na boflo (mkate) ndo chakula cha asubuhi, basi kunde zile uzile mchana na maji, chai yako uibakishe hapohapo asubuhi.