Maswali ya Wasomaji: Chenga za Chuma Kwenye Meza ya Mashine

Swali: Mifereji ya T kwenye meza ya mashine yetu ya milingi (hukata chuma kwa kikatio kinachozunguka) hujaa chenga kila siku. Tukitaka kuhamisha jiliwa (kifaa cha kubania kipande kinachokatwa), nati za T zinazolishikilia hukwama katikati ya mfereji, nasi huzigonga kwa nyundo hadi zisogee. Kuna njia nyingine?

Jibu: Ipo, na tunawasihi muiweke nyundo kando leo hii. Meza hiyo ni ya chuma cha kusubu, chuma ambacho hakipindi bali humeguka. Nati iliyokalia chenga hukaa upande. Mkikaza bolti, nguvu yote huelemea kipande kidogo tu cha mdomo wa mfereji. Mdomo ukishameguka, kuuchomelea ni kazi ngumu, na joto lake laweza kuipinda meza nzima.

Kinachofaa zaidi ni kuziba mifereji kabla ya kuanza kukata. Chukueni ukanda wa alumini au wa plastiki ngumu (mbao hapana, hunywa maji ya kupozea, ikavimba na kung'ang'ania humo). Kama mdomo wa mfereji una upana wa milimita 14, ukanda uwe na milimita 13.5 hivi, uingie na kutoka kwa mkono. Pimeni kina cha mfereji mpaka sakafuni, kisha punguzeni nusu milimita. Mfereji wa kina cha milimita 25 unataka ukanda wa kimo cha 24.5. Hiyo nusu milimita msiidharau: ukanda ukichomoza juu ya meza, jiliwa litaukalia ukanda badala ya meza.

Kateni vipande vya urefu mbalimbali, vya milimita 50, 100, 150 na 200, ili mweze kujaza nafasi zote kati ya bolti. Katika kila kipande toboeni tundu juu na kulitia hesi za M5 (za bolti ya milimita 5). Bolti ndogo ndiyo itakayokuwa mpini wa kukinyanyulia.

Kwa chenga zilizokwisha kuingia, kateni bamba la alumini lenye umbo la T, dogo kidogo kuliko mfereji, mlifunge kwenye fimbo. Liingizeni katikati na kuvuta kuelekea mwisho wa meza ulio wazi. Mkisukuma kuelekea katikati mtakuwa mnazishindilia. Mwishoni mwa mifereji mara nyingi kuna tundu la kurudisha maji ya kupozea. Lizibueni pia, kwani likiziba, maji hutuama na chenga huzama ndani yake.

Swali: Upepo wa kompresa una ubaya gani? Dakika moja tu na meza inang'aa.

Jibu: Meza inang'aa kwa sababu chenga zimehamia usikoziona. Vifutio vya mpira vinavyopangusa reli ambazo meza huteleza juu yake vimeundwa kusukuma chenga zilizolala, si kuzuia zinazorushwa kwa upepo. Zikipenya chini yake hukutana na oili, na vumbi la chuma cha kusubu likichanganyika na oili huwa kama dawa ya kusagia: kila meza inapotembea, reli inalika. Halafu kuna macho, yako na ya mwenzako aliye mashine ya pili.

Zimisha spindeli (mhimili unaozungusha kikatio), ngoja isimame kabisa, kisha tumia brashi ya rangi yenye nywele za asili; za plastiki huyeyuka zikiguswa na chenga za moto. Nyuzi ndefu zilizojiviringa zivute kwa ndoano, kamwe si kwa vidole. Mashine ikiwa inazunguka usivae glavu, maana kikatio kikiinasa glavu huvuta na mkono. Mashine ya kufyonza vumbi inafaa kwa chenga kavu zilizopoa. Za magnesiamu usizifyonze, zinashika moto.

Swali: Nimesafisha meza vizuri, lakini kazi (kipande ninachokata) bado inatoka imeinama.

Jibu: Ukiinua jiliwa, geuza utazame tumbo lake. Chenga ya milimita 0.1 chini ya ncha moja ya jiliwa lenye urefu wa milimita 200 huinamisha kazi ya milimita 100 kwa 0.05. Futa meza na tumbo la jiliwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha pitisha kiganja kitupu taratibu. Kiganja huhisi kile ambacho jicho halioni. Ukigusa kivimbe, pengine chenga iliwahi kugandamizwa hapo ikaacha shimo lenye ukingo ulioinuka. Pitisha jiwe la kunolea lililo bapa, lenye oili kidogo, mpaka ukingo uishe. Shimo lenyewe liache, halidhuru kitu.

Swali: Je, sumaku inatosha?

Jibu: Kwa chenga za chuma cha kawaida, inasaidia. Ivalishe mfuko wa plastiki, ukimaliza chomoa sumaku na chenga zitaanguka zenyewe. Alumini, shaba na aina nyingi za chuma kisichoshika kutu hazivutwi nayo, kwa hiyo brashi bado unaihitaji. Sumaku isiegeshwe mezani: meza ikishika usumaku, chenga ndogo zitaganda juu yake na brashi haitazing'oa.