Mistari mitatu ya adidas ilitoka wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi niko Ngamiani, Tanga, juzi nimechukua raba za mtumba, kufika nyumbani mdogo wangu kanicheka mpaka kakaa chini eti adidas gani ina mistari minne! Sasa hiyo mitatu ilitoka wapi, na mbona kofia yangu ina jani ila treki suti ina kama kilima?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole, umepigwa hapo. Mwenye kampuni alikuwa fundi viatu wa Ujerumani, Adolf Dassler, wenzie wanamwita Adi, ndo Adi ikaungwa na Das ya Dassler, kampuni ikasajiliwa 1949 (kakake Rudolf walishagombana, akaenda zake kuanzisha Puma mji uleule). Mistari mwanzo haikuwa urembo, ni vipande vya ngozi vya kubana ubavu wa kiatu kisitanuke. Halafu inasimuliwa kwamba hiyo mitatu ilikuwa ya Karhu, kampuni ya Finland, Adi akainunua hiyo mistari kwa pesa kidogo na chupa mbili za wiski, yaani dili kama za mnadani tu.

Lile jani lilikuja 1972, mwaka wa Olimpiki ya München, siku hizi liko kwenye nguo za mtindo wa zamani. Kilima ni cha miaka ya 1990, ni mistari ileile imelazwa, mmoja mfupi, wa kati, mrefu.

Hizo raba we vaa tu, ila chukua wembe bandua mstari mmoja taratibu, gundi isije ikaacha alama.