Muulize Mwalimu wa Fizikia: Kwa nini kupima kiini kwa mesoni?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Toleo lililopita ulieleza jinsi Robert Hofstadter alivyopima viini vya atomu kwa kuvirushia elektroni kule Stanford, akapata Nobeli mwaka 1961. Nasoma kwamba wengine walitumia mesoni, chembe zinazooza upesi mno. Kwa nini wajipe taabu hiyo? Na je, zinafika katikati ya kiini?
Mwanafunzi wa kidato cha sita, Iringa

JIBU: Marahaba mwanangu. Elektroni huhisi chaji, na chaji ya kiini iko kwenye protoni. Kwa hiyo picha ya Hofstadter kimsingi ni picha ya protoni. Kiini cha risasi-208, aina mojawapo ya metali ya risasi, kina protoni 82 na nyutroni 126. Ukitegemea elektroni peke yake, nyutroni, walio wengi, hawaonekani vizuri.

Pioni, mesoni nyepesi kuliko zote, huhisi nguvu ya kinyuklia yenyewe, ile inayoshikilia protoni na nyutroni pamoja, na nguvu hiyo haibagui nyutroni. Tena zipo pioni chanya na pioni hasi. Zikiwa na nishati ya mwendo ya MeV 180 hivi (MeV, yaani elektronivolti milioni moja, ni kipimo cha nishati ya chembe), pioni na protoni au nyutroni huungana kwa kitambo kidogo sana, zikawa chembe iitwayo delta, kisha zikaachana. Hapo pioni chanya hutawanywa zaidi na protoni, pioni hasi zaidi na nyutroni, kwa uwiano wa 9 kwa 1.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote lilifanyika Los Alamos, Marekani, miaka ya 1970. Mtambo wa LAMPF ulirusha protoni za MeV 800 kwenye grafiti, pioni zikachomoka, sumaku zikachagua za chaji moja na kuzipeleka kwenye shabaha ya kaboni-13. Pioni ikitoka na upungufu wa MeV 9.5, ujue nishati hiyo imebaki ndani ya kiini. Sasa fikiria grafu ya idadi ya pioni zilizotawanywa dhidi ya nishati zilizopoteza. Kwa pioni hasi, kilele cha 9.5 kimesimama wima kabisa. Geuza sumaku upate pioni chanya, shabaha ile ile: kilele kimenywea, karibu hukioni. Uwiano wao ulikuwa takriban 9 kwa 1. Maana yake iliyopokea nishati hiyo na kupanda ngazi ya nishati ndani ya kiini ni nyutroni, protoni hazikushiriki kwa kiasi cha kuhesabika. Elektroni isingekuambia hayo waziwazi namna hii.

Kuoza si kikwazo kikubwa. Pioni iliyotulia huishi wastani wa nanosekunde 26 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde), lakini kwa MeV 180 inakimbia kwa asilimia 90 ya kasi ya mwanga. Piga hesabu kwa kanuni ya Einstein, kwamba muda wa kitu kinachokimbia sana hurefuka: kabla ya kuoza itakuwa imekwenda wastani wa mita 16.

Ama katikati ya kiini, hapana, si kwa nishati hiyo. Kule kuungana kwa urahisi kunaizuia pioni juujuu, kwa hiyo inatueleza zaidi habari za ukingo. Anayetaka kwenda ndani hutumia kaoni chanya, mesoni nyingine iliyo nzito kuliko pioni, kama walivyofanya katika maabara ya Brookhaven, Marekani, kwa kaboni na kalsiamu. Kaoni hiyo haiungani hivyo na protoni wala nyutroni, na huweza kupita femtomita 5 au zaidi (femtomita ni sehemu moja ya milioni ya nanomita) kabla ya kugonga kitu. Kiini cha kaboni-12 kina nusu kipenyo cha femtomita 2.5 hivi, kwa hiyo nyingi hupenya hadi upande wa pili.