Kitulo usiende Agosti, na usiende na watu wenye haraka

Juzi kuna dada kanitumia meseji, likizo yake inaangukia Agosti na kapata kikundi cha kwenda nacho hifadhi ya Kitulo, kule Nyanda za Juu Kusini, kupanda mlima Mtorwi, anauliza aende au asiende. Mdogo wangu, najibu hapa hapa maana najua mko wengi mnaoitamani hiyo Bustani ya Mungu, na mimi nina la kusema.

Agosti utakuta nyasi kavu, asubuhi sakitu, yaani umande ulioganda, na baridi ya kukukata masikio, maana uwanda wenyewe uko kama mita 2,600 juu. Hifadhi ile ilitangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua hasa, na maua ni ya mvua, Novemba mpaka Aprili. Sasa unaenda kuangalia nini Agosti?

Halafu hilo la kikundi. Mara ya kwanza nilienda na kikundi cha mjini, watu wa spika na jezi za kufanana. Barabara ya kupanda kutoka Chimala na zile kona zake hamsini na saba tulicheka sana, shida ikaanza tulipofika kwenye mgongo wa mlima. Njia inapita juu kabisa, nyasi kulia, nyasi kushoto, hakuna mti, na hewa ya kule ukiikimbilia inakukimbia. Mimi natembea taratibu, tena nilikuwa nainama kila dakika kuangalia maua. Kiongozi wetu akanigeukia, "Mama, utatuchelewesha." Mama! Sijafika hata thelathini. Wakaenda, nikabaki na kijana aliyebeba maji, ukungu ukashuka hata miguu yangu siioni vizuri, na usiku wake kwenye grupu wakarusha picha ya kilele wameandika "timu nzima imefika". Nilitoka kwenye lile grupu bila kuaga na mpaka leo sijutii.

Nikarudi Januari na mdogo wangu wa kiume na mwenyeji mmoja wa Matamba, karibu na hifadhi, mzee wa makamo, hana hata buti, ana raba za kawaida na koti la mvua. Huyo ndiyo mtu wa kwenda naye. Alinisimamisha sehemu ambayo mimi naona nyasi tu, akasema inama, nikainama, kumbe okidi, ndogo kama ukucha, mdomo wa ua una madoa ya zambarau na ndani kuna mdudu mweusi kajificha mvua. Hatua chache mbele akanionyesha kishimo kibichi, mtu kachimba kiazi cha okidi, ndiyo chikanda hiyo, inavushwa mpaka Zambia inaliwa. Mzee aliguna tu, akasukumia udongo kwa kisigino.

Na Mtorwi tulifika, mita 2,961, wa mwendo wa kobe mimi huyu huyu!

Kwa hiyo dada yangu, ondokeni alfajiri, kukicha muwe mko njiani, kwa sababu kipindi cha mvua mchana mawingu yanajikusanya na radi, na juu kule mtu mrefu kuliko vyote ni wewe. Ukisikia ngurumo shukeni, hata kama kilele mnakiona. Mwavuli acha nyumbani, upepo utaugeuza, chukua koti la mvua na soksi za akiba. Barabara ya Chimala mvua ikikolea inateleza, ulizia njia ya Isyonje. Na tuache hii tabia ya kupanda mlima kwa ajili ya picha moja, watu wanakanyaga okidi wanakimbilia kibao cha kileleni, halafu wanarudi mjini wanasema Kitulo hakuna kitu, nyasi tu. Utaona nini na wewe unaangalia mgongo wa mwenzako?

Kama bosi hawezi kukubadilishia likizo, Agosti hiyo kapumzike Matema, ufukweni Ziwa Nyasa, kuna joto, Kitulo omba siku chache za Januari. Na hicho kikundi, kabla hujatuma hela, waulize nani anatembea mwisho na mtu wa nyuma. Wakikosa jibu, usitume.